Kapu Lisilofunuliwa

Kuni za kijiji cha Ilagala zilikuwa zimekwisha. Wenyeji walikata, wakimbizi wakakata, na wakaushaji wa samaki wa migebuka wakamalizia. Zilizobaki ni zile zilizoletwa na maji kwenye mdomo wa mto Malagarasi, na huko alikuwepo mamba. Kiangazi kile cha mwaka tisini na tano alikuwa ameshabeba wanawake wawili, ngata zao za kichwani zikabaki mchangani.

Révérienne alivuka kutoka Burundi na watoto watatu, akabakiwa na mmoja, Mélanie, wa miaka kumi na mitatu. Aliapa mtoto huyo hatakanyaga mtoni. Basi akaanza kuubania moto. Maharagwe aliyaloweka tangu jana yake. Akafinyanga jiko la udongo lenye mdomo mdogo, linalokula vijiti viwili pale mafiga yalipokula kumi. Kisha akatandika kapu kuukuu kwa majani makavu ya migomba na matambara. Chungu kikishachemka kidogo, alikifukia humo, akafunika, na maharagwe yakamalizia kuiva kwa joto lake lenyewe. Vijiti alivyookota shambani vikamtosha wiki mbili. Alifurahi, maskini, kama mtu aliyemzidi adui akili.

Jioni moja jirani yake Honorata akaja na kigae mkononi.

"Hodi, Mama Mélanie. Nigawie kaa la moto."

"Karibu, dada. Moto nimezima tangu mchana."

"Kwa hiyo mnalala njaa?"

"Hapana, chakula kinaiva." Akaonyesha kapu.

Honorata akalitazama kapu, akalitazama na jiko lililopoa. "Hebu funua nione."

"Nikifunua sasa kitapoa. Ngoja saa yake ifike."

Angefunua tu! Maharagwe yangeliwa magumu siku moja, maneno yakaishia hapo. Lakini pale kijijini nyumba isiyofuka moshi wala kugawa moto ina jambo inalolificha. Kufikia Jumapili kisima kizima kilijua kwamba yule Mrundi anapikiwa na wafu wake. Salamu zake zikakosa wa kuitikia. Asubuhi moja akakuta majivu yamemwagwa mlangoni.

Mzee Pastory, balozi wa nyumba kumi, akapita kumwonya. "Mama, washa moto watu wauone. Sitaki kuja kuokota maiti yako hapa."

Siku tatu mafiga yalifuka moshi asubuhi na jioni, na salamu zikarudi. Siku ya nne kuni zikaisha. Révérienne akachemsha maharagwe kwa vijiti vya mwisho, akayafukia kapuni, akajifunga kanga kwenda kibaruani.

"Leo tunarudi kwenye kapu," alimwambia mwanawe. "Kesho nitatafuta kuni. Wewe usiende popote."

Lakini aliyechota maji kisimani alikuwa Mélanie, na yeye ndiye aliyesikia yote waliyosema juu ya mama yake. Hakutaka siku ile ipite bila moshi.

Révérienne aliporudi alasiri, kamba ya kuni haikuwepo ukutani. Alikimbia hadi mtoni akiita. Kwenye mchanga palikuwa na mzigo wa kuni, umefungwa vizuri, na ngata juu yake.

Jioni ileile majirani walikuja msibani wote, kila mwanamke na mzigo wa kuni kichwani, maana msiba hauketi bila moto. Uani pale hapakuwahi kuwa na kuni nyingi kiasi kile. Honorata, akitafuta chungu cha kupikia wageni, akalifunua lile kapu. Yalikuwa maharagwe tu, yameiva, na bado yalikuwa ya moto.