Nilimnusa Mlinzi Hadi Kanisani

Miaka ya sabini nilisimamia kituo cha petroli huko Keroka. Mafuta ya taa yalikuwa yakipungua kwenye tangi letu la ardhini, nami nikamshuku Onchiri, mlinzi wetu, kwa kuwa shati lake lilinuka mafuta. Kulikagua tangi? Wapi! Mimi nilikagua watu. Hata chai ya nyumbani ilipoanza kunuka mafuta, nikasema mwizi amefika jikoni kwangu.

Siku ya Sabato, nje ya kanisa, nikamkamata Onchiri ukosi mbele ya waumini. "Mnuseni wenyewe!"

Mke wangu akasogea. "Baba Moraa, jana sote tulifua nguo za Sabato kwenye chemchemi iliyo chini ya kituo chako, hiyo hiyo tunayoteka maji ya chai. Hebu jinuse na wewe."

Nikauinua mkono wa shati langu jeupe hadi puani, waumini wote wakinitazama.