Shoto na Gitaa Lililopinduliwa

Nyumbani walimwita Shoto, na jina hilo lilimkaa kuliko lile la kwenye cheti cha kuzaliwa. Aliandika kwa mkono wa kushoto, alitupa mawe kwa mkono wa kushoto, na alipogombana na kaka yake, kofi lilitokea upande ambao kaka hakuutarajia.

Alikuwa mtoto wa pili wa fundi wa kuchomelea vyuma na mshonaji wa sare za shule. Baba alipiga dramu kama alivyonyoosha vyuma, kwa kipimo na bila huruma. Mama aliimba akiwa kwenye cherehani, na mguu wake juu ya pedeli ndio uliowapa wote mwendo. Kaka mkubwa alishika besi. Wadogo wawili wa Shoto, mapacha wa kike, waliitikia kwa sauti zilizofanana mpaka watu wakadhani ni mtu mmoja anayejijibu mwenyewe. Gitaa lilikuwa la Mjomba, mdogo wake Mama. Bendi nzima basi ilikuwa ya damu moja, na watu wa mtaani waliiita Cherehani, maana mazoezi yalifanyika chumba cha kushonea, katikati ya marobota ya vitambaa.

Walipiga soul, muziki ule ambao mwimbaji anaomba, analia na kujisifu kwa pumzi moja, na wasikilizaji wanajikuta wamesimama bila kuambiwa.

Shoto alipokuwa na miaka kumi na miwili, Mjomba alipata kazi ya kuendesha malori ya safari ndefu. Gitaa akaliacha limeegemea ukutani. "Nishikieni tu," alisema, "msilichezee."

Kumwambia Shoto asichezee kitu ni kumwonyesha kilipo. Alilichukua siku hiyohiyo. Hakuna aliyemwambia gitaa lina kulia na kushoto, kwa hiyo alilishika kama mkono wake ulivyotaka, kichwa chini miguu juu, nyuzi nyembamba zikakaa upande wa dari na zile nene zikakaa upande wa sakafu. Kila kitu alikijifunza kinyume. Akordi ambazo wengine walizishika kwa vidole vitatu, yeye alizipata kwa viwili na hila moja.

Mjomba alirudi miaka mitatu baadaye akiwa na tumbo la dereva. Alisimama mlangoni akasikiliza wimbo mzima. Alipoingia na kuona jinsi gitaa lilivyoshikwa, alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Mtoto wewe! Umelipindua!"

"Mimi nimelikuta hivihivi, Mjomba."

"Lete nizibadilishe nyuzi, zikae unavyotaka."

Shoto akalikumbatia gitaa. "Ukizigeuza hizo utakuwa umenigeuza mimi. Nitaanza moja."

Mjomba alimtazama dada yake, dada yake akamtazama yeye. Walikuwa na onyesho Jumamosi mchana katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi wa reli. "Basi," Mjomba alisema, "mimi sasa ni dereva. Mpigaji mnaye."

Jumamosi hiyo, Shoto alipopanda jukwaani, safu ya mbele iliangua kicheko. "Oneni! Kashika chini juu!" Masikio yalimchemka. Lakini Baba akahesabu nne kwa vijiti, na mkono ukaondoka wenyewe. Kufikia kiitikio, yule aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa amepanda juu ya kiti chake. Shoto alitaka wimbo usiishe. Ulipoisha, alianza mwingine kabla Mama hajameza mate.

"Tulia, mwanangu!" Mama alimnong'oneza huku akicheka. "Hata injini hupozwa!"

Miaka sita walizunguka kumbi za mji wao na za miji ya jirani, wakisafiri nyuma ya lori la Mjomba, dramu zimefungwa kwa kamba za mizigo. Kisha mwenye studio moja akawasikia, akawapa Jumatatu moja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita. Kurekodi! Mapacha hawakulala siku tatu. Mama alishona mashati sita ya rangi moja, ingawa Baba alimkumbusha kwamba mashine ya kurekodi haina macho.

Saa moja asubuhi ya siku hiyo, mke wa kaka alishikwa na uchungu. Kaka alimbeba mkewe wakakimbilia hospitali, na kwa kiwewe alichokuwa nacho alienda na besi yake ikiwa mgongoni. Waliobaki walifika studio bila mpiga besi na bila besi.

Fundi mitambo, mwanamume mwembamba aliyevaa miwani kwenye paji la uso, aliwahesabu akatikisa kichwa. "Soul bila besi? Hiyo ni chai bila majani. Rudini mwezi ujao, kama nafasi itakuwepo."

Pacha mmoja akaanza kulia. Baba alikuwa keshaanza kufungua dramu.

"Subiri, Baba," Shoto alisema. "Fundi, nyuzi nene kwangu ziko chini. Vidole vitatu vitafanya kazi ya kaka, gumba litafanya yangu."

"Kwa pamoja?"

"Kwa pamoja."

"Umewahi?"

"Leo."

Mara ya kwanza besi ilimezwa na dramu. Mara ya pili pacha aliyekuwa akilia aliingia mapema. Mara ya tatu, Shoto alifumba macho. Vidole vitatu vilitembea chini, vizito na vyenye raha, kama mtu anayejua anakokwenda. Gumba likaruka juu yao, likijibizana na Mama neno kwa neno. Mama alisikia, akaongeza moto, na katika ubeti wa mwisho alipiga ukelele ambao haukuwa kwenye mazoezi yoyote.

Fundi mitambo alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Turudie?" Shoto aliuliza.

"Nani kasema kurudia? Mkirudia mtaniharibia!"

Wakati huohuo simu ya studio ikalia. Ilikuwa hospitali: mtoto wa kike, salama, na mama yake salama. Walirukaruka mle ndani mpaka fundi akalinda maikrofoni zake kwa mikono miwili.

Wiki sita baadaye, saa nne asubuhi, redio ya chumba cha kushonea ikaupiga wimbo wao. Sindano ya Mama ilipita kwenye kola ikaendelea mpaka mfukoni. Majirani walijaa mlangoni. Kaka, mtoto begani, alisikiliza akikunja uso.

"Besi hiyo nani kapiga? Mimi nilikuwa hospitali!"

"Ulikuwa hospitali na besi mgongoni," Shoto alimjibu. "Hiyo ni mimi."

Watu wakacheka, kaka hakucheka. Siku mbili hakumsemesha. Siku ya tatu alikuja na besi yake, akaketi kwenye robota la kitambaa. "Kila ukumbi watautaka wimbo ule," alisema. "Nifundishe ulivyopiga."

"Kaka mzima, ufundishwe na mdogo wako?"

"Mzima ndiyo. Mjinga sivyo."

Kweli, kila ukumbi uliutaka. Walivuka mipaka, walipiga kwenye viwanja vya mpira, walirekodi santuri nne. Masikio ya Baba, yaliyochoshwa na vyuma na dramu, yalianza kufa, lakini hakuacha vijiti. Aliweka kiti chake mahali pa kuuona mkono wa Shoto, na akapiga kwa macho. Hakukosea hata pigo moja, na walioketi ukumbini hawakujua kamwe.

Halafu ikaja barua ya kumwita Shoto ajiunge na bendi kubwa, yenye wapuliza tarumbeta saba na suti za kung'aa. Mama aliisoma mara mbili. "Nenda," alisema. "Ukibaki kwa ajili yangu utaninunia mpaka nizeeke."

Alienda, akapiga gitaa kwenye santuri mbili, akapigiwa makofi na maelfu. Lakini kiongozi wa bendi kila wiki alimwomba ashike gitaa kama wenzake, ili mstari upendeze jukwaani. Mwaka wa tatu aliona inatosha. Alipoingia chumba cha kushonea na sanduku lake, Mama hakuinua kichwa kwenye cherehani.

"Karibu. Onyesho ni Jumamosi."

Shoto alipofika miaka hamsini na sita, Baba alikuwa ameshatangulia, na binti wa kaka, yule wa siku ya kurekodi, ndiye aliyekaa kwenye dramu. Mama alikuwa na themanini kasoro, sauti imekuwa ya mkwaruzo, lakini hakukubali kukaa nyumbani. Jumapili moja alasiri, katika uwanja uliofurika, alimaliza ubeti wa kwanza, akalishika koo lake, akageuka. Hakuwatazama mapacha. Alimwelekezea Shoto maikrofoni.

Shoto alikuwa hajawahi kuimba jukwaani hata neno. Maishani mwake gitaa ndilo lililomsemea. Mapacha walimsukuma kutoka pande zote mbili. Alisogea, akafungua mdomo, na ikatoka sauti nene, pana, isiyo na haraka, ambayo hata yeye hakuwa ameisikia. Uwanja ukalipuka. Kaka nusura aidondoshe besi. Shoto aliimba ubeti wa pili, akaimba wa tatu, machozi na kicheko vikigombania uso mmoja, mkono wa kushoto ukifanya kazi yake bila kuulizwa.

"Umeificha wapi hiyo miaka yote?" Mama alimpigia kelele sikioni.

"Nilikuwa nangoja nafasi, Mama! Nyinyi hamnyamazi!"

Mama alicheka hadi akashikilia kiti, kisha akamwashiria mjukuu wake ahesabu nne tena.