Mkalimani wa Pasta

Pasta hakujua Kinyarwanda hata cha kusalimia vizuri, na hilo halikumzuia kutaka kuhubiria wilaya nzima ya Rusizi. Alikuwa amekimbia vita vya Bukavu, akavuka mpaka kuingia Rwanda na mke wake na godoro moja, akapanga chumba kwa jirani yetu, kwetu huku Mururu. Mimi nilizaliwa kule kule Bukavu, mtoto wa wakimbizi wa Rwanda, nikarudi na wazazi baada ya mauaji ya kimbari. Lugha zote mbili nilikuwa nazo. Kosa langu lilikuwa hilo tu.

Nikichambua maharage, anakuja: nimsaidie kutafsiri. Nikianika nguo, anakuja. Mama yangu akamhurumia, kwa kuwa na sisi tuliwahi kuwa wageni kwa watu, lakini mimi nilikataa. Shangazi yangu, aliyebaki Rwanda, wakati wa mauaji alikuwa amekimbilia kanisani na watoto wake, na hakutoka hata mmoja. Tuliporudi, watu walimwonyesha baba mahali walipoangukia. Tangu hapo Jumapili yangu ilikuwa siku ya kufua. Nilimweleza Pasta haya yote ili aniache. Alinisikiliza mpaka machozi yakamlengalenga, kisha akaniuliza kama Jumamosi ingenifaa.

Nilikwenda ili nipumue.

Alichagua Bweyeye, kana kwamba hapakuwa na wenye dhambi karibu. Lori lililotubeba lilikwama kwenye tope, tukamaliza safari kwa miguu kandokando ya msitu wa Nyungwe, yeye na viatu vyake vya mjini, akiimba. Watu walitungoja uani kwa mjane mmoja mzee. Pasta alianza, na kama alivyo, akasahau kabisa kwamba niko pale. Alikimbia na maneno mpaka nikabaki na mzigo wa aya nzima kichwani. Nikaanza kufupisha. Yeye akisema mengi, mimi nasema machache, na kabla ya adhuhuri watu wote walikuwa wamenigeuzia nyuso mimi. Hakuligundua hilo.

Kisha akamnyooshea mkono mwenye nyumba, ambaye aliketi peke yake kwenye mkeka. Tulikuwa tumeambiwa njiani kwamba mume na watoto wake wote waliuawa.

“Umuambie asamehe,” akaniambia. “Umuambie Mungu anamungojea asamehe.”

“Hiyo siitafsiri, Papa Pasta.”

“Juu ya nini?” akataka kujua sababu.

“Juu haujamuuliza hata kitu kimoja.”

Yule mama akaniuliza mgeni amesema nini, nami nikamwambia ukweli. Hakukasirika. Alisema kwamba viongozi walishamwambia asamehe, redio ilimwambia, na padri pia alifika akamwambia. Hakuna hata mmoja wao aliyemuuliza watoto wake waliitwa nani.

Nilimtafsiria Pasta hayo neno kwa neno, na sikuyalainisha. Nilitaka yamchome. Alikaa chini kwenye udongo, na suruali yake ya ibada, akasema polepole, “Basi, umuulize.”

Nikamuuliza, na yule mama akayataja majina yao, kuanzia mkubwa. Nami nikawa ninayarudia kwa sauti moja moja, ingawa jina la mtu halihitaji mkalimani. Nilishindwa kunyamaza. Alipomaliza wake, nilijikuta nimewataja na watoto wa shangazi yangu, ambao hakuna mtu pale aliyeniuliza habari zao. Mama akasogea, akanipa nafasi mkekani.

Ningependa kusema Pasta alibadilika. Safari iliyofuata alihubiri mpaka mbuzi wakaondoka. Lakini kila nyumba aliuliza kwanza, na mimi niliendelea kwenda, nikinung'unika njia nzima, bila mtu kunilazimisha. Sijui imani iliniingilia wapi. Siku moja kikohozi kilimbana Pasta katikati ya sala, watu wamefumba macho wanangoja, nami nikaendelea mbele na sala. Nilikuwa nimeshafika mbali nilipotambua kwamba yale maneno hayakuwa yake, na kwamba nilikuwa nayasema kwa moyo wangu. Nilikasirika sana. Nilihisi kama mtu aliyechukuliwa kitu mfukoni. Nikamkataza Pasta asiniulize kama nimeamini, na bila shaka aliniuliza kila wiki.

Nilibatizwa kwenye kijito cha Bweyeye, kwa sababu mama yule alisema mjini asingeweza kufika. Alisimama ukingoni ameshika nguo zangu kavu. Maji yalitoka msituni, baridi ya kukata mifupa, na Pasta, akiwa amenishika bega, akaanza kueleza maana ya maji tangu uumbaji.

“Papa Pasta,” nikamwambia, “nizamishe, nitakufa na baridi.”

Mama akauliza nimesema nini. Nikamtafsiria, meno yakigongana. Alicheka mpaka akalazimika kukaa kwenye jiwe, na Pasta akanizamisha katikati ya kicheko chake, bila kumaliza mahubiri. Njiani kurudi alitaka kuyamalizia.