Machungwa ya Mgonjwa wa Berega

Kuna watu wanaodhani kulala hotelini ni starehe. Hao hawajalala hotelini kwa sababu ya kazi, wiki baada ya wiki, katika mji uleule, huku nyumba yao iko hapo Kilosa na kitanda kimetandikwa bure. Mimi nimelala Mikumi zaidi kuliko nilivyolala kwangu. Ninakagua mashamba ya mbegu ya kampuni moja, na msimu wa kilimo ukianza nazunguka na pikipiki Zombo, Masanze na vijiji vya jirani. Jioni natokea barabara kuu nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope, naingia Mikumi kuoga na kulala.

Wenzangu kazini walikuwa na akili za kawaida. Wakipewa posho ya kulala, walitafuta gesti ya bei poa nyuma ya stendi na kubaki na chenji. Mimi posho yangu yote niliimalizia kwenye hoteli moja yenye bustani na nyani wasio na adabu. Hoteli ile ina ndugu yake huko pwani, jumba la kifahari lililo ufukweni kabisa, na ukiwa mwanachama wao kila usiku unaolala Mikumi unakuingizia pointi kwenye simu. Pointi zikitosha, unakwenda kulala ufukweni bila kulipa, wewe na mwenzako mmoja. Ofisini walinibatiza Mama Pointi. Niliwaacha wacheke, maana hawakujua huyo mwenzangu ni nani.

Alikuwa mama yangu.

Mama aliuza chakula kwenye stesheni ya zamani ya Kilosa tangu sijazaliwa. Mayai, mihogo ya kukaanga, ndizi, chai kwenye kikombe kinachopitishwa dirishani na kurudishwa treni ikiwa imeshaanza kusogea. Wengi aliowauzia walikuwa wanakwenda Dar es Salaam, na yeye alibaki na beseni lake akiwaangalia wanavyoondoka. Baba, ambaye babu yake aliletwa hapa kukata mkonge akabaki, alimwahidi kumpeleka kuiona bahari, akafariki hajamfikisha hata Morogoro. Nikiwa mtoto nilimsikia mama akiwauliza abiria, "Eti ni kweli ukisimama pale huoni ng'ambo?" Abiria walicheka. Nilikuwa nakichukia kicheko kile, na nadhani ndipo nilipoamua kwamba mtu wa kumwonyesha mama ng'ambo isiyoonekana nitakuwa mimi.

Kuna jambo jingine. Kwetu binti akiposwa, mama yake hupewa mkaja, kuwa ni shukrani ya ile nguo aliyojifunga tumboni alipomzaa. Mimi ndiye kifunguamimba, na sijaolewa. Silalamiki. Wachumba walikuja, wakaiona pikipiki na safari zangu, wakaenda zao. Mdogo wangu, mtoto wa pili na wa mwisho, ndiye aliyetangulia kuolewa, na siku ya mahari yake nilisimama uani nikipiga vigelegele kama wengine. Washenga walipofika kwenye mkaja wakasema utaletwa baadaye, kwa namna yake. Nikamwangalia mama alivyofurahi, nikajisemea kwamba mkaja wangu mimi nitampa mwenyewe, sitangoja mwanaume, na mkaja huo utakuwa bahari. Nilimwambia hivyohivyo. Kila nilipotoka Mikumi nilimwonyesha kwenye simu pointi zilivyopanda, naye aliitikia, "Haya mwanangu, tutafika."

Muda mfupi baada ya harusi, mama aliniaga. Yeye na mama mdogo walikuwa wanakwenda Berega, kuna ndugu wa mbali amelazwa hospitali. Mdogo wangu na mumewe wangewasindikiza. Nilitaka kwenda nao, mama akakataa katakata, akasema nisiache kazi kwa ajili ya mtu ambaye hata sura yake siikumbuki. Basi nikaenda sokoni nikanunua machungwa. Niliyachagua moja moja, yale yenye ganda jembamba, kwa kuwa mgonjwa anahitaji kitu cha majimaji. Nikaweka na sukari. Waliporudi niliuliza hali ya mgonjwa, mama akasema ameruhusiwa, hajambo kabisa, na amenishukuru sana kwa machungwa. Nilifurahi.

Pointi zilitosha msimu ulipokwisha. Nikaomba likizo, nikamnunulia mama viatu vya wazi vinavyofaa mchangani, tukapanda treni ya umeme pale Kilosa. Njia nzima nilikuwa mwalimu. Nilimweleza kwamba tukifika tutapewa kitaulo cheupe kilichoviringishwa, chenye ubaridi, na kwamba hicho si chakula bali ni cha kufutia uso, maana mimi mara ya kwanza pale Mikumi nusura nikiume. Mama akacheka. Tulipofika kweli wakaleta vitaulo kwenye sinia. Mama akachukua chake, akafuta uso, akafuta shingo, akakikunja na kukirudisha palepale. Nikamwona ana akili ya kushika mambo.

Sikatai, walinipokea vizuri. Mwanachama wa daraja langu anapewa chumba kinachotazama maji, juisi ya ukwaju, na mtu wa kubeba mizigo hata kama mzigo wenyewe ni begi la mgongoni. Nilimshika mama mkono, nikamwambia afumbe macho, nikamtembeza mpaka kwenye kibaraza. Nikamwambia fumbua. Mama akafumbua, akashika kifua, akapiga kigelegele mpaka wazungu waliokuwa wamelala kwenye viti vyao wakakaa wima. "Mwanangu," akasema, "kumbe ni kweli! Ng'ambo haionekani!" Nililia pale. Nililia kwa ajili ya baba, na kwa kila usiku wa Mikumi, na kwa Mama Pointi wao. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na nasema hivyo nikijua kilichofuata.

Asubuhi tulikwenda kunywa chai kwenye ukumbi mkubwa wenye nguzo nene, ambako kila mtu anajipakulia. Nilikuwa namwekea mama tikiti maji kwenye sahani, msichana mmoja mhudumu akaja mbio, uso umemchangamka.

"Shikamoo Mama! Jamani, umerudi!"

"Marahaba," mama akaitikia, kwa sauti ndogo, macho chini.

"Na safari hii mkwe umemwacha nyumbani?"

Nikauliza mkwe gani. Msichana wa watu hakuwa na kosa, alidhani ananichekesha. "Yule kaka wa nyuma ya nguzo, dada! Tuliwatengea meza moja, yeye na mkewe na mama wawili, akagoma. Anasema hawezi kutafuna mbele ya mama mkwe wake. Basi kila asubuhi anajificha kule na sahani yake, mkewe anampelekea chai. Meneja mwenyewe alimbembeleza. Hatujamsahau mpaka leo."

Shemeji yangu ni mtu wa Masanze, kwao adabu ya ukweni haina mjadala. Akimwona mama anakuja njiani, anaingia kwenye mahindi ya watu mpaka apite. Angekubali kukaa naye meza moja asubuhi zile, kama watu wa mjini wanavyofanya, hakuna mhudumu ambaye angewakumbuka miongoni mwa wageni wote wanaopita pale. Heshima yake ndiyo iliyowaumbua. Msichana alituangalia usoni, akasema anakwenda kuleta maziwa. Hakurudi.

Tuliteremka ufukweni, mama akiwa mbele. Alipofika mchangani akavua viatu vyangu vipya na kuviweka juu ya jiwe, mbali na maji, kama mtu aliyewahi kulowanishiwa viatu.

"Mama, mgonjwa wa Berega ni nani?"

Aliangalia vidole vyake vya miguu. "Hakukuwa na mgonjwa, mwanangu."

"Na machungwa?"

"Tulikula njiani." Akapangusa mchanga miguuni. "Yalikuwa matamu sana."

Nilitaka kupiga kelele. Nikamuuliza kwa nini, akanieleza kama mtu anayeeleza bei ya mihogo. Huo ndio uliokuwa mkaja wa mdogo wangu. Mkwe aliuliza mama anatamani nini, akaambiwa bahari, akaileta. "Ningeurudisha? Mkaja ukirudishwa, na ndoa imerudishwa. Na wewe ulikuwa umeshaanza mambo yako ya pointi, unanionyesha kwenye simu, macho yanakung'aa. Nikasema basi, nitakuja kuiona tena mara ya kwanza na wewe. Ubaya uko wapi?"

"Ubaya ni kwamba mlijua wote isipokuwa mimi."

"Wote nani?"

"Mama mdogo, mdogo wangu, shemeji. Nani mwingine?"

Mama ni mtu mkweli ukishambana. "Na jirani," akasema. "Ndiye aliyetulishia kuku."

Nilimpigia simu mdogo wangu nikiwa palepale, upepo unapiga kwenye simu. Hakukana. Alisema walikuwa wananilinda. Nikamuuliza, hoteli zote zile za pwani, ilikuwa lazima wachague hii? "Dada, wewe ndiye uliyeisifia," akasema. "Mimi ningeijulia wapi nyingine?" Nikakata simu. Yaani hata njia ya kuniibia niliwaonyesha mimi mwenyewe, kwa majigambo yangu ya jioni, nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha mama nikila wali wake.

Tulibaki mpaka siku zetu zikaisha, kwa sababu nilizilalia Mikumi. Mama aliingia majini na kanga yake, akanawa uso, akaniita mara kadhaa nije. Sikwenda. Usiseme nina roho mbaya. Safari yao ningeweza kuisamehe, hata uongo wa mgonjwa ningeuzoea, maana kwetu watu hudanganyana kwa upendo mpaka wanasahau wapi waliacha ukweli. Kigelegele ndicho kilichonishinda. Nilikuwa nimemshika mkono, nasikia mapigo yake, na yeye anajua ataona nini akifumbua macho. Alikuwa amekwisha kujiandaa na maneno. Kumbe chozi langu lilidondoka peke yake pale kibarazani, na mama yangu akaliangalia, akaliacha lidondoke. Na kile kitaulo, mimi nikamsifu moyoni!

Tukapanda treni ya kurudi. Morogoro ilipopita mama akaniambia, "Wewe ulikuwa unaniambia nisubiri. Mkwe alisema twende." Nilijua anasema kweli, na kujua hakukunipunguzia hasira hata kidogo. Mtu aliyemsubirisha mtu kwa miaka angalau angeambiwa kwamba hasubiriwi tena.

Msimu mwingine ulipoanza nilirudi Mikumi. Dada wa mapokezi pale, ambaye alikuwa akinihesabia pointi kama zake, akaniuliza kabla sijavua kofia ya pikipiki, "Haya, mama aliionaje bahari?" Nikamwambia alipiga kigelegele mpaka wazungu wakainuka. Akapiga makofi, akafurahi kweli. Kila neno nililosema lilikuwa la kweli. Nilipanda chumbani nikiwa nimeona jinsi ilivyo rahisi kudanganya, na jinsi mama yangu alivyofanya kwa muda wote ule bila jasho.

Pointi ziliendelea kujaa zenyewe. Sikumwonyesha mtu. Siku moja simu ikaniambia zinatosha tena kwenda kulala ufukweni, nikaweka nafasi ya mtu mmoja. Kisha nikampigia mama.

"Mwisho wa wiki sitakuja," nikamwambia. "Naenda Berega. Kuna mgonjwa amelazwa."

Nyuma yake nilisikia sufuria, na sauti ya jirani akiuliza ni nani.

"Mgonjwa gani?" akasema.

"Mtu wa mbali. Hata ukimwona hutamkumbuka."

"Sawa," mama akasema. "Basi upite nyumbani kwanza, mwanangu. Nitakuwa nimemnunulia machungwa."

Sikupita.