Mwani wa Mti Uliochukuliwa na Mto

Moyo wangu haukutulia kipindi chote mtaalamu wa mimea alipokuwa Wajir. Alikuwa bibi wa Kizungu. Mimi nilikuwa karani wa zahanati Garissa na mkalimani wake, na aliniachia chupa moja ya maji ya kijani.

Alikuwa amebandua magamba ya kijivu kwenye gome la mgunga kando ya Tana. Kila gamba, alinieleza, ni viumbe wawili wanaoishi pamoja: kuvu inayojenga nyumba, na mwani mdogo unaopika chakula cha wote. Kuvu alikwisha kuitambua. Mwani ndio uliomsumbua, maana ndani ya gamba hubanwa hata umbo lake likapotea. Akautenga, akaulea peke yake katika maji ya chupa ile. Ukikomaa, darubini ingeonyesha kama kila chembe ina kitu mfano wa nyota ndani yake, na hapo angejua jina lake.

Kisha mto ukamega ukingo, mgunga ukaenda na maji. Hapo nikaogopa kweli, kwani sasa hapakuwa na gamba jingine la kubandua. Zahanati ilikuwa ya mabati, mchana ni tanuri, basi nikaihamishia chupa kwenye nyumba ya mikeka ya mama yangu, karibu na mtungi wa maji. Nilimwambia ni amana ya mgeni, asiiguse mpaka mwenyewe arudi. Hata hivyo nilikuwa natoroka kazini kwenda kuichungulia, mpaka mganga wa zahanati akanitania kwamba nimeoa chupa.

Mama alisikia kisimani kwamba bibi amerudi, kabla mimi sijajua. Nilipofika naye nyumbani, mama alimkabidhi chupa kwa mikono miwili, imejaa maziwa ya ngamia. Kwetu chombo cha mgeni hakirudi kitupu, na chombo cha maziwa husuguliwa, kikafukizwa moshi wa kijinga cha moto mpaka kisibaki na kitu ndani.

Bibi aliitambua chupa yake. Alikunywa polepole, akashukuru, kisha akaniomba niulize kama yale maji yamewekwa kwenye chombo kingine.

Niliuliza. Mama alitabasamu kwa fahari.

“Mwambie asiwe na wasiwasi, mwanangu. Ule uchafu wake wote nimeutoa kwa mikono yangu mwenyewe.”

Bibi alinigeukia, akisubiri nitafsiri.