Siku Tuliyokataa Bei ya Hisa

Nilikuwa fundi cherehani hapa Nachingwea. Niliuza cherehani, nikanunua hisa. Anayetaka kucheka acheke sasa, tuendelee.

Kampuni ilisema inajenga kiwanda cha kubangua korosho Ruangwa. Wakala wake alipanga fremu ya duka karibu na stendi, na kila Jumatatu aliandika bei ya hisa ubaoni kwa chaki. Ilipanda tu. Mama mkwe, aliyenunua kabla yangu, alinisema: "Endelea kushona viraka, wenzio tuna kiwanda."

Jumatatu moja bei ikashuka nusu. Nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda kuuza zangu niikomboe cherehani kabla bei haijaisha yote. Nilikuta watu wamejaa, wakala anatoka jasho.

"Ndugu zangu, bei ndiyo hiyo. Anayetaka kuuza, kampuni inanunua, kama tulivyoahidi."

Sasa, sisi korosho tunauza mnadani. Bei inasomwa, wakulima tumekaa chini, ikituudhi tunaikataa wote kwa pamoja, na mnunuzi anarudi siku nyingine ameongeza. Kuhusu bei hatujui kingine.

"Hatuuzi!" akapaza sauti mzee mmoja.

"Hatuuziii!" Vigelegele juu.

Wakala alishangaa kwanza. Halafu uso ukamng'aa kama mwanafunzi aliyeambiwa mtihani umefutwa.

"Mimi nauza," nikasema.

"Kaa chini! Utatushushia bei!"

Mama mkwe akanivuta kanga. "Una haraka wewe! Hata mtoto ulimzaa kabla ya siku zake."

"Mama, hizi si korosho! Hisa ni ya mtu mwenyewe, anauza akitaka!"

Wakala akanitazama kwa huruma kubwa. "Dada, wengi wamekataa. Mimi ni nani nivunje demokrasia?"

Wakampigia makofi. Wakampigia makofi, jamani!

Wiki iliyofuata fremu ilikuwa na kufuli na ubao haupo. Watu wakasema amekwenda kuongeza bei. Mimi nikapanda gari kwenda Ruangwa.

Nilikuta geti. Geti zuri, la bluu, lina mlinzi. Ukuta hakuna. Nikapita pembeni, mlinzi akanifokea nirudi nipite getini. Nikarudi. Akafungua, nikaingia. Ndani kulikuwa na ufuta wa mtu.

"Kiwanda kiko wapi?"

"Ndiyo hiki."

Nilisimama kwenye ule ufuta nikajua cherehani yangu imeishia hapo. Nilitamani kumpiga mtu, na pale alikuwepo mmoja tu, naye alikuwa hajalipwa. Mshahara wake wote walimpa kwa hisa.

"Dada, nataka kuziuza. Huko Nachingwea bei ikoje?"

"Ilishuka. Watu wamekataa kuuza."

"Wote?"

"Wote."

Akapiga kofi paja lake. "Basi na mimi siuzi!" Akaenda kulifunga geti kwa kufuli, mimi nikiwa ndani. Nikatoka kwa pembeni. Akanifokea tena.