Programu Iliyonyamazisha Kilio

Jamani, sikieni yaliyonikuta. Jumamosi nilikuwa fundi wa sauti kwenye mazishi ya mzee mmoja huko Ahero, nikiyapeperusha mubashara kwa jamaa walio ng'ambo. Nilikuwa na programu mpya ya kutenganisha sauti papo hapo: inabakiza maneno, inatupa kelele. Niliiwasha, mngurumo wa jenereta ukatoweka. Nikajiona profesa!

Mara kijana wa marehemu akapiga simu kutoka ng'ambo. Mjane akaiweka kwenye spika.

"Mama, mbona shangazi wanafungua midomo tu? Hakuna anayemlilia Baba?"

Kumbe programu ilidhani vilio ni kelele! Na kwetu huku, kumzika mzee bila kilio ni kumtukana.

"Ni mtandao unasumbua, Mama," nikamdanganya mjane. Kisha nikamnong'oneza mwenzangu wa kamera: "Nyamaza tu. Ni mimi nimefuta vilio vyao vyote."

Nilisahau kwamba maikrofoni mbele yangu ilikuwa wazi. Matangazo huchelewa sekunde chache kufika ng'ambo, basi baada ya muda mfupi yale aliyokuwa akitazama kijana yakasikika kupitia simu ya mjane, sauti yangu ikiwa safi kabisa: "Ni mimi nimefuta vilio vyao vyote."

Shangazi wote wakanyamaza, safari hii bila programu.